Vidaka vya Kigombe na vidaka vya Solomon: wadudu wawili wasiojuana, wizi wa namna moja

#1 Mwana wa Kigombe (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Uzi huu ni mrefu, mwenye haraka na apite tu, sitamlaumu. Miaka mitatu nimeokota vidaka, zile nazi changa kabisa, mpaka mgongo umepinda, na nilipolipata jibu nikakuta nusu yake iko Visiwa vya Solomon, huko Bahari ya Pasifiki, mahali ambapo nilikuwa nimepasikia kwenye habari za Vita vya Pili vya Dunia basi.

Shamba liko Kigombe, ukitoka Tanga mjini kwa njia ya Pangani. Minazi 120 na ushei, mirefu ile ya kienyeji, kapanda babu. Enzi zake nazi ziliangushwa kila baada ya miezi mitatu na za kugawa zikabaki. Nilipokabidhiwa mimi, mambo yakageuka. Upunga unatoka vizuri, karara inapasuka, vidaka vinajipanga kwenye kole, yaani shada la nazi, kama shanga za kiunoni. Mwezi wa pili haujaisha, viko chini. Kufika kitale, hatua inayofuata kidaka, ni bahati. Dafu la kumpa mgeni nanunua kwa jirani. Mtu mwenye minazi 120 ananunua dafu, jamani.

Shangazi akasema ni kijicho: babu hakuacha shamba hivihivi bila kinga, na sisi vijana tumelipokea bila kuuliza. Tukasoma dua, tukala pilau. Dua haipotei, ila vidaka viliendelea kudondoka. Jirani akasema chumvi. Nikamwaga chumvi mashinani mwaka mzima. Mnazi kweli hupenda chumvi, makuti yakapendeza, na vidaka vikaendelea kudondoka.

Ndipo nikapelekwa kwa mzee mmoja, bwana shamba mstaafu, aliyefanya kazi na mradi wa taifa wa minazi miaka ya 80. Hakutaka hata kuja shambani. Akaniambia: "Niletee vidaka 20 vya leo. Vya jana sivitaki." Nikampelekea kwenye kiroba. Akakaa barazani na kisu cha jikoni, akawa anavivua kofia kimoja kimoja, yale magamba yanayokishika kidaka kwenye kikonyo. Chini ya kofia ngozi bado nyeupe, laini kama kitunguu kilichomenywa, na juu yake kuna alama za kahawia zilizodidimia, kila moja kama punje ya mchele iliyobonyezwa kwa kidole. Kidaka kimoja kina alama moja, kingine nne. Akapasua katikati ya alama: doa limeingia mpaka ndani ya kumbi, limelowa. Katika vile 20, vyenye alama vilikuwa 13.

"Hapa pamepigwa sindano," akasema. Kisha akanitolea koroma la kwake mwenyewe lililonusurika: limepinda upande mmoja, lina ufa mrefu, na kwenye ufa ulimbo umeganda kama ubani.

Mpiga sindano nilimwona siku mbili baadaye, kwenye mnazi mchanga ambao kole lake nalifikia nikisimama juu ya ndoo. Saa kumi na mbili asubuhi, umande bado. Mdudu mwembamba, kahawia ya kuelekea wekundu, urefu sentimita moja na nusu hivi, vipapasio virefu. Mdomo kauchomeka kwenye kidaka, katulia kama mtu anayekunywa uji. Nilipomsogelea hakuruka, alizunguka nyuma ya kole. Nikahamisha ndoo. Akazunguka tena. Tulizungushana hivyo mpaka ndoo ikapinduka.

Jina lake la vitabuni ni Pseudotheraptus wayi. Mimi nitamwita kunguni wa minazi, maana ni wa jamii moja na kunguni, wenye mdomo wa sindano. Hilo "wayi" limetokana na M. J. Way, Mwingereza aliyefanya utafiti Unguja, na mwaka 1951 akaandika kwamba vidaka vinavyopukutika na ule ulimbo ni kazi ya mdudu huyu. Mwaka 1955 mtaalamu mwingine, E. S. Brown, ndiye aliyempa mdudu jina rasmi, akaliingiza na jina la Way humo.

Sasa hapa ndipo uzi unapoanza. Mzee alikuwa na bahasha ya karatasi zilizokwishakuwa njano. Akachomoa moja ya Unguja. Akachomoa nyingine ya mwaka 1959 ya Visiwa vya Solomon, nayo inazungumzia minazi kuangusha vidaka kabla ya wakati. Naangalia mwandishi: Brown yuleyule. Aliyempa jina mwizi wetu ndiye huyohuyo aliyemchunguza mwizi wa kule.

Wa kule anaitwa Amblypelta cocophaga, jina alilopewa na W. E. China mwaka 1934. Naye ni mwembamba, naye ni mfyonzaji, ukubwa ni huohuo kwa kukadiria. Ukoo wao mmoja, unaitwa Coreidae, ila kila mmoja ana mlango wake. Kati ya Kigombe na Honiara, mji mkuu wa Solomon, kuna Bahari ya Hindi nzima, kuna Indonesia yote, kuna Papua. Hawajawahi kukutana. Hakuna aliyemfundisha mwenzake.

Na tazama jambo hili. Mgeni hapa ni mnazi, mdudu ndiye mwenyeji. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa 2011 ulionyesha minazi ya dunia ina nasaba mbili kubwa, moja ya Pasifiki na moja ya Bahari ya Hindi. Minazi yetu asili yake ni ng'ambo, ilikuja na watu na majahazi. Kunguni alikuwa hapahapa anakula vya kwake, akaletewa. Ndiyo maana mpaka leo hachagui sana: utamkuta kwenye korosho, kwenye embe, kwenye pera, kwenye parachichi. Wa Solomon naye ana kakao yake, papai na muhogo. Muhogo anafyonza vile vikonyo vichanga vya juu mpaka ncha inakauka.

Kinachowafananisha mno ni uchache. Ukisikia mdudu kamaliza shamba unatafuta kundi, unatafuta vidukari wamejazana. Hapa hakuna kundi. Wawili watatu kileleni wanatosha, maana mate yao yana sumu: hahitaji kukimaliza kidaka, anachoma, anaonja, anahamia cha pili, na kile cha kwanza kimeshakufa hakijajijua. Solomon walihangaika kwa sababu hiyohiyo. Hasara unaiona, mwenye kuileta humwoni.

Halafu kuna walinzi, na hapo mimi niliishiwa maneno. Majimoto tunawajua wote, wale sisimizi wekundu wanaoshona majani kuwa kiota. Dunia nzima wapo wa aina mbili tu walio hai. Oecophylla longinoda ni wa Afrika, ndio hawa wetu. Oecophylla smaragdina wanaanzia India wanashuka mpaka Australia na Solomon. Kunguni wawili, majimoto wawili, kila bara na jozi yake, na mchezo ni uleule: majimoto wakishika kilele, kunguni hana makazi. Wanamfukuza mkubwa, wanawala watoto wake. Way aliliona hilo Unguja: mnazi wenye majimoto umebeba, wa pili yake usio nao uko mtupu. Waliochunguza Solomon wakaliona palepale pa kwao.

Sasa nikiri. Mwaka ule nilipokabidhiwa shamba, mkwezi alikataa kupanda. Akasema huko juu kunawaka moto, watu wanang'atwa mpaka kwenye kope. Nikamwambia achome viota vyote, gharama juu yangu. Alizunguka siku mbili na vienge vya makuti, nikampa na soda.

Kwa hiyo shangazi alisema kweli, shamba la babu lilikuwa na kinga. Aliyeiondoa ni mimi.

#2 Pwani Njema

Uzi umeshiba, mkuu. Picha za huyo kunguni ziko wapi lakini?

#3 Mwana wa Kigombe

Simu ilikuwa mkononi wakati ndoo inapinduka.

#4 Mzigua Halisi

Mkuu huyo si chonga? Huku kwetu mnazi ukiharibika ni chonga tu, hatuna jina la pili.

#5 Mwana wa Kigombe

Hapana, hata sura hawakaribiani. Chonga ni mbawakavu mweusi mnene mwenye pembe puani kama kifaru. Yeye anatafuna. Anatoboa kilele, anakula kuti likiwa bado limekunjwa, na likija kufunguka unaliona limekatwa pembetatu kama kwa mkasi. Kuti lililokatwa hivyo, mlaumu chonga. Kidaka chini na kuti zima, mtafute mwenye sindano.

Ila umenikumbusha, chonga nao wana mwenzao wa ng'ambo. Wetu ni Oryctes monoceros. Wa Asia ni Oryctes rhinoceros, na huyo ni msafiri hasa: alifika Samoa mwaka 1909, na Honiara kwenyewe aligunduliwa 2015. Kunguni hawa wawili wao wamekaa makwao, hawana pasipoti.

#6 Dada wa Newala

Habari kaka. Mimi ni wa korosho, minazi siijui sana. Tunasumbuliwa na mbu wa mikorosho. Ndiye huyo?

#7 Mwana wa Kigombe

Nzuri dada, karibu. Si yeye, ila wanaweza kukutana kwenye mkorosho mmoja. Mbu wa mikorosho anaitwa Helopeltis, mwembamba zaidi, na kazi yake kubwa ni machipukizi na maua: anaacha madoa meusi marefu, tawi changa linakauka kama limeunguzwa. Kunguni wa minazi yeye anapenda korosho yenyewe ikiwa changa. Ukija kubangua ukakuta punje ina doa jeusi limebonyea, usiende mbali.

Na majimoto wanalinda mkorosho vilevile. Ukiwaona, waache.

#8 Dada wa Newala

Ndio maana! Punje za madoa tulikuwa tunazipeleka daraja la pili tukidhani ni unyevu wa ghalani. Ahsante kaka.

#9 Hesabu Kwanza

Mleta uzi umeandika vizuri lakini naomba nikupinge kidogo.

Kwanza, mnazi wowote hujipunguza. Vidaka vinavyotoka kwenye upunga mmoja ni vingi kuliko uwezo wa mti kulea, na zaidi ya nusu vitaanguka miezi miwili ya mwanzo hata kama shambani hakuna mdudu hata mmoja. Umeokota 20 vilivyoanguka, ukakuta 13 vina alama. Hiyo inakuambia vilivyoanguka vilichomwa. Haikuambii vingebaki vingapi.

Pili, pwani yetu hii ina ugonjwa wa kunyong'onyea. Mnazi unaangusha nazi za umri wote, kubwa na ndogo, upunga mpya unatoka mweusi, makuti yanaanza kuwa njano kutoka chini kwenda juu, na mwisho kilele kinaanguka inabaki nguzo. Mtu mwenye ugonjwa huo akisoma uzi wako akaenda kufuga sisimizi, atabaki na msitu wa nguzo zenye sisimizi.

#10 Mwana wa Kigombe

Hili la kwanza umenibana, na mzee naye alinibana hivyohivyo. Alinituma nikahesabu kole zima, nisihesabu vya chini tu.

Kwa hiyo nikachagua minazi miwili. Mmoja wangu wa katikati ya shamba. Wa pili uko mpakani, na matawi ya mchungwa wa jirani yameuegemea, majimoto wanapita humo kama barabara ya kumi na mbili siku ya Ijumaa. Nikafunga kitambaa kwenye makole yaliyofunguka wiki moja. Wa katikati ulianza na vidaka 31, baada ya miezi miwili kikabaki 1. Wa mpakani ulianza na 28, vikabaki 9. Vile 19 vilivyoanguka nikavivua kofia vyote, na vyenye alama vilikuwa 2. Huko ndiko kujipunguza unakokusema. Minazi miwili si utafiti, najua, ila kwangu ilitosha kunikosesha usingizi.

Na huyo jirani ndiye anayeniuzia madafu. Ana michungwa, ana ndimu, ana mwembe, amechanganya kila kitu, nami nilikuwa namcheka kwamba hajui kupanga shamba.

Kunyong'onyea: uko sahihi, wala sina la kuongeza. Kwangu makuti ni mabichi juu mpaka chini na kinachoanguka ni vidaka peke yake. Asiyefanana na mimi amwite bwana shamba kwanza.

#11 Mjukuu wa Mkwezi

Nyinyi mnaosifu majimoto mmekaa chini na simu. Babu yangu amekwea Mkwaja na Kipumbwi miaka arobaini. Ukiwa mita 15 juu, mguu kwenye kamba, mkono mmoja umeshika kuti na mwingine umeshika panga, majimoto akikuingia sikioni unafanya nini? Huwezi kujikuna. Hawana mwiba, wanang'ata halafu wanakupulizia tindikali palepale kwenye jeraha. Watu wameachia mikono.

Mkwezi akichoma kiota si mjinga. Nyinyi mnalipa kwa mnazi, hamlipi kwa kung'atwa.

#12 Mwana wa Kigombe

Ndugu yangu, hapa sina jibu, nina aibu. Wa kwangu alipokataa kupanda sikumuuliza hata mara moja tufanyeje, nilimpa kiberiti.

Babu yako alikuwa anajipaka nini?

#13 Mjukuu wa Mkwezi

Majivu. Mikono mpaka begani, shingo, na miguu. Sisimizi wakikanyaga majivu wanateleza. Na alikuwa anapanda asubuhi mapema kabla jua halijawachangamsha. Jua likishakuwa kali hata ungemlipa mara mbili hapandi.

#14 Baharia wa Raskazone

Nimecheka hapo kwenye pasipoti. Mimi Honiara nimefika, 2017, tulipakia magogo. Nikaomba ruhusa nikazunguka mjini.

Jamani kule ni nyumbani. Joto letu, samaki wetu, muhogo wetu, wali wa nazi upo, na sokoni kila mtu anatafuna popoo kwa tambuu na chokaa kama bibi zetu, mdomo mwekundu, mate kila kona ya barabara. Nilisimama mbele ya meza moja nikamkumbuka bibi yangu wa Ngamiani mpaka machozi. Ila dafu wanalikata tofauti, wanatoboa juu tu.

Minazi ya pale mjini mingi ilikuwa imekatwa makuti pembetatu hivyo unavyosema, mingine imebaki nguzo. Nikamuuliza dereva, akaniambia ni mbawakavu kaingia juzijuzi. Sikujua ndiye huyo wa 2015. Huyo kunguni wenu sikumwona wala sikumtafuta, nilikuwa natafuta nyama ya mbuzi nikaikosa.

#15 Pwani Njema

Baharia bwana. Dunia nzima kaenda kutafuta mbuzi.

#16 Mwana wa Kigombe

Baharia, umenipa mlango wa kusema kitu nilichokisahau juu.

Kuna sisimizi mwingine kwenye kisa hiki, mdogo, kahawia, anakaa ardhini kwenye shina la mnazi. Ukimwangalia vizuri kwenye msafara utaona askari wao wana vichwa vikubwa kupita mwili, kama mtoto kavaa sufuria. Pheidole megacephala. Sisimizi huyu hana habari na kunguni hata kidogo. Lakini majimoto anawachukia, anapigana nao shinani, anawafungia njia, mpaka majimoto wanauhama mnazi. Akishinda huyu, kunguni anarudi juu kwa raha zake.

Huku kwetu ndivyo ilivyo, Way ameandika. Na Solomon ni hivyohivyo, sisimizi yuleyule, jina lilelile. Kafikaje? Asili yake inahesabiwa kuwa ni Afrika, akaenea dunia nzima na meli na mizigo ya watu. Yaani katika wote hawa, kunguni hawakusafiri, majimoto hawakusafiri, aliyepanda meli ni huyu mwenye kichwa. Tumewapelekea wenzetu fitina.

Wao lakini wana sisimizi wa manjano mwenye miguu mirefu na mbio, Anoplolepis, ambaye naye humzuia kunguni wa kwao. Kwa hiyo shamba la Solomon linaweza kukosa majimoto na bado likapata nazi. Mimi Kigombe sina mbadala huo. Hapo wenzetu wametuzidi.

#17 Kilimo Biashara

Mbona mnazunguka mkuu? Piga dawa. Bomba la mgongoni, siku moja shamba lote, kunguni kwisha.

#18 Mwana wa Kigombe

Bomba la mgongoni halifiki mita 15, mkuu. Na tuseme limefika: dawa inaua kunguni wawili na majimoto elfu kumi. Kunguni ana mabawa, wiki ijayo anaingia kutoka kwa jirani. Majimoto malkia wake ni mmoja kwa ukoo mzima, na ukoo mmoja unaweza kushika minazi zaidi ya kumi. Ukimuua huyo, hiyo minazi yote imebaki bila mlinzi.

Sumu iliyowahi kutumika kwa akili ni ya chambo, inawekwa chini shinani, kichwa-kikubwa anaibeba mwenyewe kwenda nayo kwao. Majimoto hawaigusi sana kwa kuwa wao chakula chao kiko juu. Mzee anasema enzi za mradi ilijaribiwa na ilifanya kazi. Sijapata dukani, nami sijaitafuta sana.

Nilichofanya ni cha bei rahisi zaidi na kimeniuma moyo: nimeacha kufagia shamba. Mimi napenda shamba jeupe, ukidondosha sindano unaiona. Kumbe kichwa-kikubwa naye anapenda udongo mtupu. Watafiti wa minazi wa hapahapa Tanzania walikwishaliona, shamba lenye majani chini linawafaa majimoto kuliko lililopaliliwa mpaka likang'aa. Sasa nafyeka majani, siparui. Shangazi kapita kasema shamba la baba limekuwa pori.

#19 Mzigua Halisi

Na majimoto wapya unawatoa wapi? Wananunuliwa?

#20 Mwana wa Kigombe

China walikuwa wanauzwa sokoni na viota vyao kwa ajili ya michungwa, iko kwenye maandishi ya karne ya 4. Tanga hatujafika huko.

Jirani kanipa bure. Jioni, jua likishazama na wengi wamerudi kiotani, unakata tawi la mchungwa na kiota chake, unaliingiza kwenye kiroba unafunga haraka, unakwenda kulifunga kwenye mnazi. Mara ya kwanza niliharibu. Nilichukua viota vitatu vya mchungwa mmoja na kimoja cha mwembe wa barabarani, nikavifunga kwenye mnazi mmoja nikiamini majimoto ni majimoto. Asubuhi shina zima lilikuwa vita. Wawiliwawili wameshikana, mmoja kamng'ang'ania mwenzake mguu, watatu wengine wanamvuta kwa nyuma, hakuna anayeachia mpaka mguu ukatike. Chini kulikuwa na maiti kama machicha yaliyomwagika. Koo mbili hazichangamani. Lazima viota vyote viwe vya ukoo mmoja.

Mara ya pili nilichukua vya mchungwa uleule tu. Nikavuta na kamba ya katani kutoka mchungwa kwenda mnazi wa kwanza, na kutoka mnazi wa kwanza kwenda wa pili, wapate daraja bila kupita chini. Siku ya tatu niliwaona wakishona. Wamejipanga mstari ukingoni mwa jani, kila mmoja kamshika mwenzake kiunoni kama foleni ya maji, wanavuta jani na jani vikutane. Halafu akaja mmoja kabeba mtoto wao mweupe mdomoni, akawa anampeleka huku na kumrudisha huku, na kila anapomgusisha unabaki uzi. Uzi wa hariri unatoka kwa mtoto. Wakubwa hawana, wanamtumia mtoto kama sindano ya kushonea.

#21 Hesabu Kwanza

Hapo kwenye foleni ya maji umeniua. Tupe mrejesho wa hesabu, mzee, na safari hii funga vitambaa zaidi ya viwili.

#22 Mjomba wa Abidjan

Nimechelewa. Niongeze kidogo: huku Ivory Coast yupo ndugu wa damu wa kunguni wenu, Pseudotheraptus devastans. Minazi anaila, na muhogo anaufyonza kama yule wa Solomon. Majimoto ni walewale longinoda. Kwa hiyo mleta uzi usifurahi sana kwamba muhogo wenu umesalimika.

#23 Mwana wa Kigombe

Shikamoo mjomba. Usiku huu silali.

#24 Mwana wa Kigombe

Mrejesho, baada ya miezi mitano. Samahani kwa kimya, simu mpya.

Minazi yenye majimoto sasa ni 14, yote upande wa mpakani. Nilifunga vitambaa kwenye makole 10. Saba yameshika, vidaka kati ya 6 na 11 kwa kole, na kwenye mawili tayari kuna vitale. Matatu yamepukutika kama zamani. Nilipochunguza mashina ya minazi hiyo nikakuta vichwa-vikubwa wamerudi na kamba zangu mbili zimekatwa na mbuzi wa watu. Katikati ya shamba bado ni msiba.

Mkwezi niliyempa kiberiti nilimtafuta mwenyewe, nikamwomba radhi, nikamweleza yote mpaka Solomon. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akainua macho, akakiangalia kiota kwenye mnazi wa tatu, kikubwa kama kichwa cha mtu, akasema mnazi mtupu ni 1,000 kama siku zote, wenye wenyewe ni 1,500. Tumekubaliana 1,300, saa kumi na mbili asubuhi, na majivu natoa mimi.